Sura ya Sita: Ushanga Una Bei Gani?

Hakuna ushanga uliogharimu kama ule uliomezwa na mtoto kule Pubungu. Wajaluo wa Kenya husimulia kisa hicho kwa majina ya Aruwa na Podho, wana wa Ramogi; ukivuka Uganda kwa Waacholi na Waalur utakuta majina mengine, ila mambo ni yale yale. Podho alimrushia ndovu mkuki wa ndugu yake, na ndovu akatokomea nao. Aruwa alikataa fidia ya kila namna. Alitaka mkuki wake, ule ule. Podho akafunga safari hadi nchi ya ndovu, akaupata, na huko bibi kizee mmoja akampa shanga nzuri za kurudi nazo nyumbani. Siku moja watu wakizitazama, mtoto mchanga wa Aruwa akaokota ushanga mmoja, akaumeza. Sasa ikawa zamu ya Podho kukataa fidia. Mtoto akapasuliwa, ushanga ukatolewa, na ndugu wakaachana wasionane tena. Mahali penyewe panatajwa kuwa karibu na Pakwach, ukingoni mwa Nile, na wanahistoria huchukulia kisa hicho kuwa kumbukumbu ya jinsi Waluo walivyotawanyika.

Nimeanza hapo kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi kuhusu mapambo ya kale ya Nyanza Kusini ni hili: shanga alizoacha nyanya zina bei gani? Aruwa angeweza kumlipa Podho kikapu kizima cha shanga nyingine, na hesabu ya soko ingekubali. Podho aliutaka ule aliopewa na bibi kizee. Mkusanyaji wa vitu vya kale hufikiri vivyo hivyo, bila ukatili, tunaomba. Kioo chenyewe ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa kwenye tanuri, na hakina thamani ya kutisha. Kinachopandisha bei ni habari: ushanga ulitoka wapi, ulifikaje, ulivaliwa na nani, na nani aliutunza hadi leo. Katika Migori na Homa Bay habari hizo zinapotea kwa kasi kuliko shanga zenyewe.

Safari ya kioo kufika huku ni ndefu. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, pengine tangu karne ya 16. Mahali pengine zina kimo cha mita moja na nusu, kwingine zinafika nne na nusu. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mgeni huenda kutazama mawe, na ana haki. Lakini watafiti waliochimba ndani ya maboma hayo walipata pia shanga za kioo zilizotoka nje, na mimi hizo hunishangaza kuliko ukuta wenyewe. Ukuta ulijengwa na watu wa papo hapo kwa mawe ya papo hapo. Ushanga ulivuka bahari, ukapita pwani, ukabadilisha mikono kwa watu wasiojuana, mpaka ukaingia kwenye boma la wafugaji karibu na Ziwa Victoria. Hakuna tajiri mmoja aliyeusafirisha njia nzima.

Kwa karne nyingi shanga ndogo za rangi moja zilitoka India kuja pwani yetu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezipata katika miji mingi ya Waswahili. Baadaye Venice ikateka soko, na karne ya 19 ikaingia Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Zanzibar ndiyo ilikuwa ghala. Shanga zilipimwa kwa frasila kama karafuu, na mwenye kupanga msafara alihitaji akili kuliko mtaji. Richard Burton, aliyepita miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba aina zilizouzwa zilikaribia 400. Stanley, alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuta kwamba ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipokewa vizuri Unyamwezi. Mweusi, bubu, ulikuwa pesa halali Ugogo na takataka kwingineko. Mweupe, merikani, ulipendwa na hawa ukadharauliwa na wale. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe. Stanley mwenyewe aliondoka pwani na magunia 22 ya aina 11.

Kwa hiyo yule anayedhani kwamba Waafrika walihongwa kwa vioo vya rangi bila kujua thamani, na asome tena orodha hizo. Mnunuzi alikuwa mgumu. Alijua rangi ya mwaka huu, alijua ukubwa, na kilichopitwa na wakati alikirudisha. Joseph Thomson alipopita Umasaini mwaka 1883 akielekea Kavirondo, kama nchi hii ya Ziwa ilivyoitwa zamani, ilibidi msafara wake ukae Taveta watu wakizitunga shanga upya kwa kipimo kilichokubalika huko, la sivyo zisingepokelewa.

Njia kubwa ya misafara ilipita Mumias, kaskazini ya Ghuba ya Winam. Kusini, kwenye nchi za Karachuonyo, Kanyamwa, Kadem na Karungu, bidhaa zilifika kwa mikono mingi zaidi, nyingine kwa mitumbwi. Ndiyo maana shanga za kabla ya reli ni adimu huku, na ndiyo maana anayedai ana pishi nzima yake anastahili kutazamwa mara mbili. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Baada ya hapo meli za mvuke zilipeleka mizigo Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, maduka ya Wahindi yakafunguliwa, na kitu kilichokuwa cha wachache kikawa cha kila nyumba. Nadhani sehemu kubwa ya shanga zilizobaki vijijini leo ni za miaka hiyo ya maduka, wala si za misafara. Zinaweza kuwa na miaka mia moja, nazo ni nzuri, ila si za Stanley.

Kwa Kijaluo shanga ni tigo. Wanawake walizivaa shingoni na, zaidi ya yote, kiunoni, nyuzi juu ya nyuzi, chini ya nguo au juu ya ngozi kabla nguo hazijaja. Za kiunoni hazikuwa za kuonyeshwa hadharani. Zilikuwa za nyumbani, za mume, za mlio mdogo gizani, na kwa sababu hiyo mwenyewe alizitunza hata alipozeeka. Wanaume wenye cheo walikuwa na vyao: taji za manyoya ya mbuni, meno ya kiboko yaliyopindwa juu ya paji la uso, simbi zilizoshonwa kwenye ngozi, na kofia ya shanga, ogut tigo. Jaramogi Oginga Odinga aliifanya kofia hiyo ijulikane na taifa zima, yeye na usinga wake. Ukiikuta ogut tigo ya kweli ya zamani usiishike kwa mkono mmoja. Uzi wa ndani umeoza kabla ya kioo, na ukivuta kidogo tu utakuwa unaokota shanga sakafuni hadi jioni.

Kisha likaja kanisa. Mwaka 1906 wamishonari wa Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Kutoka hapo kanisa hilo lilienea Nyanza Kusini na Ukisii kuliko pengine popote nchini, na hadi leo Jumamosi katika vijiji vingi vya Homa Bay ni siku ya ibada. Mafundisho yake juu ya mapambo yalikuwa wazi: muumini ajipambe kwa mwenendo, vito aviache. Aliyebatizwa alivua. Shanga zikatupwa kwenye shimo la taka, zikapewa watoto wachezee, au zikawekwa ndani ya chungu kikafunikwa na kusahauliwa darini. Mwaka 1913 dini ya Mumbo ilizuka Alego, ikaenea kusini, nayo ikahubiri kinyume: acheni nguo na mambo ya Mzungu, rudini kwa yenu. Serikali iliisumbua dini hiyo kwa miaka mingi. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba kwa mkusanyaji, chungu kilichofunikwa ni zawadi ya ajabu. Shanga zilizoendelea kuvaliwa zilivunjika, zikatungwa upya, zikachanganywa na za plastiki. Zilizofichwa kwa aibu zimebaki kama zilivyokuwa siku ya ubatizo.

Wakati mabibi wa Karachuonyo wakivua, mabibi wa London na Chicago walikuwa wanachoma kofia zao kwa pini. Kati ya 1890 hivi na 1920 kofia za Ulaya na Marekani zilikuwa kubwa kama sinia, zikishikiliwa kwenye nywele kwa pini ndefu ya chuma yenye kichwa cha kioo. Chicago ilitunga sheria mwaka 1910 ya kuzuia ncha zisitokeze, maana abiria walikuwa wanachomwa kwenye matramu. Vichwa vya pini hizo, vilivyong'aa rangi za upinde wa mvua, leo vina wakusanyaji wake. Na vingi vilitoka mji ule ule wa Bohemia uliotoa vifungo vya nguo na shanga za Afrika: Jablonec, ambao Wajerumani wake waliuita Gablonz. Huko kazi iligawanywa majumbani. Familia moja ilibana kioo kwenye koleo la kalibu, nyingine ikasugua, nyingine ikatunga, na tajiri wa kuuza nje akakusanya. Tanuri moja, wateja wawili. Vita vya Kwanza vilipokwisha wanawake wa Ulaya walikata nywele, kofia zikawa ndogo, na pini zikafa. Huku kwetu tigo ilikuwa inavuliwa miaka hiyo hiyo kwa sababu nyingine kabisa.

Huo mng'ao wa rangi nyingi unastahili kuelezwa polepole, maana ndio unaowadanganya watu zaidi. Unauona kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji: zambarau, kijani, dhahabu, vikihama ukigeuza mkono. Kwenye shanga unaweza kutoka sehemu tatu, na kila moja ina umri wake.

Wa kwanza ni wa ardhi. Kioo kikikaa udongoni muda mrefu, unyevu hunyonya chumvi zake za magadi kutoka juu na kuacha tabaka jembamba sana la mchanga safi, tena jingine chini yake. Mwanga ukigonga tabaka hizo hurudi umegawanyika rangi. Kioo cha Kirumi kinachopendwa kwenye makumbusho ya Ulaya kilipata uzuri wake kaburini, si kwa fundi. Mng'ao wa namna hii hauko sawasawa. Umejikusanya kwenye vishimo na kuzunguka tundu, na ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka kama magamba madogo. Usiukwaruze. Mtu akikuletea ushanga wenye ngozi ya aina hiyo, tayari umejua jambo moja zito: ulichimbwa. Swali linalofuata ni wapi, na nani alimruhusu.

Wa pili ni wa tanurini. Louis Comfort Tiffany wa New York alisajili kioo chake cha Favrile mwaka 1894, kampuni ya Loetz ya Bohemia ikawa mshindani wake, na mwaka 1907 kampuni ya Fenton ya Marekani ikaanza kutoa kioo cha bei rahisi kilichopuliziwa chumvi za metali kingali cha moto. Mbinu hiyo ndiyo iliyopamba pini za kofia, vifungo na shanga. Mng'ao wake umeshikana na kioo, haubanduki. Huisha tu pale palipoguswa sana, kwenye nundu na kingo.

Wa tatu ni wa juzi. Mwaka 1956 hivi kampuni ya Swarovski ya Austria, ikishirikiana na Christian Dior, ilitoa fuwele zilizopakwa utando wa metali ndani ya chumba kisicho na hewa. Zikaigwa kila mahali. Dalili yake ni nyepesi: mara nyingi utando umepakwa upande mmoja tu, upande wa pili kioo ni kitupu. Nyuzi nyingi zinazouzwa kwa watalii kama "za mababu" zina utando huu. Babu gani huyo, aliyezaliwa baada ya Vita vya Pili?

Sasa chukua uzi wa shanga, kitambaa cheupe, na kioo cha kukuzia cha fundi saa. Kaa mlangoni penye mwanga wa asubuhi. Anza na tundu, usianze na rangi. Ushanga wa kuvutwa ulitokana na bomba refu la kioo lililokatwa vipande. Viputo vya hewa ndani yake vimelala vimenyooka sambamba na tundu. Ushanga wa kuzungushwa ulifanywa kwa kuvingirisha kioo laini juu ya waya. Viputo na mistari yake vinazunguka tundu. Ushanga wa kubanwa kwenye kalibu una mshono, mstari mwembamba unaouzunguka hata kama umesuguliwa, na huo kwa kawaida ni wa Bohemia. Ukishajua kusoma tundu, umejua nusu ya kazi.

Kisha vunja mazoea ya kutazama ushanga kwa juu. Uelekeze ncha yake kwenye mwanga. Kuna ushanga mwekundu unaopatikana kote Afrika Mashariki ambao kwa nje ni damu ya mzee na kwa ndani ni mweupe pe, kama kwamba umemenywa. Samesame ya misafara ni ya ukoo huo. Wa zamani zaidi una moyo wa kijani uliofunikwa na wekundu mzito usiopitisha mwanga, kama tofali. Wenye moyo mweupe ulishika soko kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 19. Tabaka jekundu ni jembamba na mwanga hulipenya, na moyo mweupe huwekwa ili wekundu uwake. Wekundu huo bora uliletwa na dhahabu, kiasi kidogo sana kilichoyeyushwa kwa asidi na kuchanganywa kwenye kioo, kabla viwanda havijahamia selenia iliyo rahisi. Wachimbaji wa Macalder na Osiri, wanaoshinda kutwa ndani ya mashimo ya Nyatike wakiitafuta dhahabu, huenda nyanya zao walikuwa wameivaa kiunoni bila kujua.

Jaribio jingine halihitaji kifaa cha makumbusho. Nenda kwa mwenye duka aliye na taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, umwombe dakika mbili. Ushanga wa kijani au wa njano uliotiwa urani, jambo lililoenea Bohemia tangu miaka ya 1830, utawaka kijani kikali chini ya taa hiyo. Hauna madhara ya kukutia hofu kwa kuushika. Plastiki nayo utaitambua kwa uzito, kwa joto lake shavuni, na kwa mlio mfu ukiigonga taratibu kwenye jino. Tafadhali usitumie sindano ya moto. Nimeona shanga nzuri zimeharibiwa na wataalamu wa sindano.

Halafu tazama uchakavu. Shanga zilizovaliwa miaka arobaini pamoja zimesagana ncha kwa ncha, ncha zimekuwa bapa na kingo za tundu zimelainika. Ndani ya tundu kuna utando mweusi wa mafuta ya mwili na vumbi. Ushanga mpya uliozeeshwa kwa kusukwasukwa na mchanga au kutiwa asidi umefifia mwili mzima kwa kipimo kimoja, hata mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kuugusa. Uzee wa kweli una upendeleo.

Uzi je? Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anapata mkufu wa nyanya yake, anaona uzi umekwisha, anazimimina shanga kwenye bakuli la maji ya sabuni, anazitunga upya kwa uzi wa nailoni kufuata rangi anazopenda. Kwa dakika thelathini amefuta ushahidi ambao hakuna maabara itakayourudisha: mpangilio. Mpangilio wa asili unaonyesha ushanga upi ulikuja kwanza na upi ulijazia pengo, na unaonyesha uchumi wa nyumba ile. Ukilazimika kuokoa uzi unaokatika, piga picha kwanza, funga fundo pande zote mbili, uweke kwenye kitambaa cha pamba. Maji yasihusike. Zipo shanga, hasa zilizokaa juu ya ngozi, ambazo kioo chake ni kigonjwa: zinatoa unyevunyevu wenye magadi na kunata vidoleni. Hizo zitengwe mahali pakavu, na hewa ya Ziwa haisaidii.

Nikirudi kwenye bei. Sitaandika orodha, kwa kuwa orodha ya bei huchakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Nitasema zinavyokwenda. Ushanga wa Venice wa aina ya kawaida ulitengenezwa kwa tani. Viwanda vyake vikubwa viliungana mwaka 1898 kuwa Società Veneziana Conterie na kuendelea kwa miongo mingi. Kwa hiyo umri peke yake haufanyi kitu kiwe ghali. Uzi uliokamilika una thamani kuliko shanga zile zile zikiwa zimetawanyika. Uzi uliokamilika wenye jina la mvaaji, kijiji na picha yake una thamani mara nyingi zaidi. Kofia nzima au mkanda mzima umo katika daraja lake. Na ushanga mmoja mzuri ajabu usiojulikana ulikotoka ni mapambo, basi.

Wachuuzi wanaozunguka vijijini wanajua hayo vizuri, ndiyo maana husema kinyume. "Nyanya, hivi ni vioo tu. Siku hizi nani anavaa? Nikuachie pesa ya soda." Mzigo ukifika Nairobi vioo hivyo hugeuka "shanga za biashara za kale", na mara nyingi huchanganywa na za Ghana zinazofinyangwa kwa unga wa chupa au na nakala mpya kutoka India, ili uzi urefuke. Wapo waliofanya biashara hii kwa heshima: Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na Alan Donovan walifungua jumba la African Heritage Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mikufu iliyobuniwa huko iliwafundisha wengi kwamba ushanga wa kale ni kazi ya sanaa. Mkusanyo wa Murumbi unaonekana Nairobi Gallery. Lakini hata huko, ushanga uliotenganishwa na mwenyewe hautaji jina lake.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Kichekesho ni kwamba mwaka huo Homa Bay na Migori hazikuwa ndani ya himaya hiyo. Nchi ya Kavirondo ilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902. Sheria haijali. Ushanga ulioingia kabla ya 1895 ni wa kale, na hauwezi kutolewa nchini bila kibali. Ulio ardhini ni mali ya serikali. Na anayegundua kitu cha kale, awe mkulima, mchimba dhahabu au mtoto anayechunga, anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku saba akieleza mahali hasa alipokiona. Tigo aliyonunuliwa bibi yako dukani Kendu Bay baada ya reli ni ya ukoo wenu, iuzeni au msiiuze mpendavyo. Iliyookotwa ndani ya ukuta wa Thimlich haina bei kabisa, na atakayekutajia bei anakushirikisha wizi.

Vitu vingi vya Nyanza vilishaondoka zamani, bila kibali cha mtu. Evans-Pritchard alipita nchi ya Wajaluo mwaka 1936, na picha zake zimo Pitt Rivers Museum, Oxford. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa, ulipata zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30 tu. Vingine vitarudi, vingine havitarudi. Hata hivyo vilivyo Oxford na London vina namba, tarehe na jina la mahali. Vilivyo kwenye chungu darini Ndhiwa havina hata kimoja cha hivyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halina gharama. Kabla hujatafuta mnunuzi, kaa na mama au nyanya angali anakumbuka. Muulize uzi ulikuwa wa nani, alizaliwa wapi, aliolewa wapi, nani alimnunulia uzi, aliuvua lini na kwa nini. Andika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi, uifunge pamoja na shanga, kisha upige picha ya vyote viwili. Ukitaka vitunzwe na wengine, Kisumu Museum iko, na Mfangano ipo Abasuba Community Peace Museum, ambayo watu wa huko waliianzisha wenyewe. Ukitaka kuuza, uza na karatasi. Mnunuzi akikataa karatasi, huyo usimuuzie.